Yote Pamoja, Bila Nafasi

Mara ya mwisho mliniacha ndani ya basi, laptopu mapajani imefungwa kwenye foronya ya mto, na huku nyumbani wanangu wanaamini nimekwenda mji wa mbali kutafuta kitambaa cha makochi.

Kitambaa sina shida nacho. Kimejaa karakana mpaka panya wanachagua rangi.

Kwa aliyelifungua gazeti leo kwa bahati tu, nieleze upesi ili twende pamoja. Mimi ni fundi wa makochi. Nimefiwa na mke, wajukuu ninao, meno ninayo nusu. Na nataka kuoa.

Ninayemtaka naye amefiwa na mume. Tulijuana siku nilipoitwa nyumba moja kuvalisha upya kochi la bintiye, yeye akiwa hapo mgeni. Ana miwani yenye kamba shingoni, mimi nikamwita Bi Miwani, yeye akaniita Fundi, ikawa hivyo hivyo. Aliporudi kwao, kwa kaka yake, tukawa tunaongea kwa kuonana kwenye laptopu, kila mtu na chai yake.

Laptopu ni yangu, wala msinifikirie vibaya. Ofisi moja ilifungwa, wakanipa hiyo badala ya malipo ya viti vyao. Mimi wakati ule nilidhani ni sinia.

Basi mwanangu wa kiume akatugundua. Kazi yake ni kukagua mahesabu ya maofisi, na mtaani wanamwita Mkaguzi. Jina limemkaa, maana hata shati langu hulikagua vifungo kabla sijatoka. Hakunigombeza. Alibadilisha neno la siri la waifai ya nyumbani, akanywa maji, akaenda kulala.

Nikajaribu duka la intaneti la mtaani kwetu. Mwenye duka akampigia Mkaguzi simu kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Hayo yote nilishawaeleza wiki iliyopita, na wengine mlinicheka, nimesikia.

Sasa tatizo ni hili. Kaka yake Bi Miwani ni mwalimu mkuu mstaafu, na ameweka sharti lake: dada yake hamtoi kwa mtu ambaye hajamwona uso akamhoji. Siku aliyoitaja ni leo, saa kumi alasiri, kwa laptopu. Nisipotokea, kwake mimi ni tapeli, na habari imeishia hapo. Simu yangu ni kitochi, kioo chake hata nzi hawezi kujitazama. Bila waifai sina uso.

Ndiyo nikapanda basi. Sikwenda kuomba ruhusa kwa mtu niliyemfunga nepi.

Hoteli niliyoipata ilikuwa karibu na stendi, ya ghorofa mbili, ngazi zimepigwa rangi juu ya vumbi. Mapokezi alikaa binti mmoja aliyesuka nywele ndogo ndogo, mchangamfu. Nilipomwona nikaangalia kwanza makochi ya pale ukumbini. Spring zimekufa. Aliyeyashona alikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Nikamwambia binti nataka chumba chenye waifai, kitanda si lazima. Akacheka, akasema babu vyote vipo. Akanipa ufunguo. Nikamwambia na neno la siri.

"Neno la siri ni karibuwageni, yote pamoja, herufi ndogo, bila nafasi," akasema, tena polepole, akinionea huruma.

Hapo pa mwisho nikashtuka.

"Binti, kama hamna nafasi, ufunguo huu ni wa nini?"

"Nafasi ya chumba ipo, babu. Neno ndilo halina nafasi."

Nikamtazama, akanitazama. Sikuelewa, ila nimeishi na watu wa vyeo vya kila namna, najua kuitikia. Nikasema sawa. Akaongeza kwamba niwahi, kwa sababu meneja wao hubadilisha neno kila zamu inapobadilika, watu wa stendi wasije wakaichota waifai yao bure.

Nikapanda na foronya yangu.

Chumbani kulikuwa na kitanda, meza, dirisha linalotazama paa la bati. Nikaweka laptopu mezani, nikachomeka chaja, nikavaa shati langu jeupe nililolikunja ndani ya gazeti. Hili hili gazeti, tena. Nikachana nywele chache zilizobaki. Saa tisa ilikuwa imeshapita.

Kuwasha najua. Kufungua ile orodha ya majina ya waifai najua pia, mjukuu alinionyesha zamani. Nikaona jina la hoteli, nikaligusa. Kikatokea kijisanduku kinasema: ingiza neno la siri.

Sasa mimi naandika kwa kidole kimoja, hiki cha shahada, kigumu kwa sababu ya sindano za kochi. Nikatafuta K. Nikaibonyeza. Badala ya K ikatokea nukta nyeusi.

Nikaifuta. Nikabonyeza tena K, kwa nguvu kidogo. Nukta.

Nikajiambia mashine hii imekosea njia, mimi nimeandika herufi yenyewe inatia madoa. Lakini saa haingoji. Nikaendelea nikaandika neno lote gizani, kila herufi doa, nikiwa nahesabu kichwani nimefika wapi. Nikabonyeza ingia.

Neno la siri si sahihi.

Nikaandika tena, safari hii nikilitamka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Si sahihi. Nikajaribu kwa kubonyeza taratibu sana, kidole kikigusa kama manyoya, maana binti alisema herufi ndogo. Si sahihi.

Jamani, hapo nilikasirika. Nilikaa kitandani nikaitazama ile laptopu, nikaiambia wewe ni mali yangu, na mwanangu ni wa kumzaa, na leo wote wawili mmeungana kunifungia mlango. Basi tutaona.

Nikaibeba mikononi kama ilivyo, imefunguka, waya wa chaja unaburutika nyuma yangu ngazi nzima, mpaka mapokezi. Nikaiweka juu ya kaunta.

Binti akaniuliza babu umeandikaje. Nikamwambia nimeandika kama ulivyosema, sikupunguza wala sikuongeza. Akaniomba nimtajie herufi kwa herufi. Nikaanza: karibu, wageni, yote, pamoja, herufi, ndogo, bila, nafasi.

Akanitazama.

"Vyote hivyo?"

"Si ndivyo ulivyosema?"

Binti aliinama chini ya kaunta. Nilidhani ameangusha kitu. Kumbe anacheka, kashika tumbo, machozi yanamtoka. Nikamngoja amalize. Mtu akicheka mbele yangu huwa namngoja, sijawahi kufa kwa kuchekwa.

Alipoinuka nikamweleza. Nikamwambia binti yangu, mimi ni fundi. Mteja akiniambia kochi la watu watatu, rangi ya maziwa, miguu mifupi, bila maua, sishoni kochi la watu watatu nikaacha mengine. Nashona yote aliyosema. Ndiyo maana nina wateja. Wewe umeniagiza maneno manane, nimekuletea manane.

Akafuta macho kwa mkono wa blauzi. Akasema babu, ukweli ni kwamba wewe ndiye mgeni wa kwanza aliyenisikiliza mpaka mwisho. Akanifafanulia: neno ni karibuwageni tu, hayo mengine ni namna ya kuliandika. Nafasi ni ule uwazi kati ya neno na neno. Na nukta ni kwa ajili ya kuficha, mtu wa nyuma asione.

Akanyoosha mkono aniandikie. Nikausogeza pembeni.

"Acha. Niliyemfuata huko ndani ni wangu. Mlango nafungua mwenyewe."

Nikaandika palepale kaunta, doa baada ya doa. Nikabonyeza. Ile alama ya waifai, ile kama vijisahani vimepangwa kimoja juu ya kingine, ikajaa.

Binti akapiga makofi. Nilipanda ngazi na laptopu yangu kama mtu aliyebeba keki.

Nilikaa tu, ikaanza kulia. Saa kumi kamili. Mwalimu mkuu huyo hajawahi kuchelewa kengele.

Nikaweka kola sawa, nikabonyeza kijani.

Akatokea mzee mwembamba, kichwa kimeng'aa, nyuma yake kabati la vitabu. Tukasalimiana kwa heshima zote, yeye akaniita mzee mwenzangu, mimi nikamwita mwalimu. Nikategemea aulize kazi yangu, ukoo wangu, afya yangu. Akauliza kitu kingine.

"Leo ni siku gani?"

Nikamwambia Alhamisi.

"Mwezi gani?"

Nikamtajia. Akaandika mahali. Akauliza nina watoto wangapi, nikasema wawili, wa kiume na wa kike, nikataka kumtajia kazi zao, akanikata. Akaniomba nihesabu kuanzia ishirini nikirudi nyuma.

Nikafika kumi na sita nikasimama. Nikamwambia mwalimu, kwenu kuoa kuna mtihani wa hesabu?

Hakucheka. Akavua miwani yake, ukoo mzima wa miwani ule, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba juzi mwanangu alimpigia simu. Kijana mwenye adabu, akasema. Akamweleza kwa masikitiko kwamba baba yake amepoteza kumbukumbu. Kwamba natangaza ndoa kwa wanawake nisiowajua. Kwamba kesho yake nasahau.

Nikakohoa kwanza. Sikutaka sauti yangu itoke inatetemeka, angesema ndiyo ugonjwa wenyewe.

"Mwalimu," nikamwambia, "kochi la mpwa wako lina miguu minne, wa nyuma kushoto ulikuwa umeoza nikaubadilisha. Ndani ya sponji nilikuta kijiko, kifutio na hereni moja. Dada yako alisema kitambaa cha maua kinamchosha macho, akachagua cha kijivu, halafu akasema kijivu nacho ni cha wazee, akachagua bluu. Alipokuwa anachagua alikuwa anaikunjakunja kamba ya miwani kidoleni. Sasa niambie nimesahau kipi."

Mzee yule alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Akafunga daftari lake.

Akasema anaomba radhi. Akasema mwanangu anaongea vizuri mno, na yeye alimwamini kwa sababu watu hawasemi uongo kuhusu baba zao. Mimi nikasema hilo tutalimaliza nyumbani. Sasa nikamwomba amwite dada yake, nimwone.

Hakugeuka kumwita. Akaivaa miwani tena, taratibu.

"Hayupo."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwako, mzee mwenzangu. Aliposikia unaumwa hakulala. Leo alfajiri nimemkuta na mkoba mlangoni. Nikamwambia mtu mwenyewe hakukumbuki unamfuata nini. Akanijibu, kama amesahau nitamkumbusha mimi mwenyewe."

Nilitazama dirisha. Paa la bati lilikuwa pale pale.

Jamani wasomaji, mimi nimekimbia nyumbani kwangu ili nimwone huyu mama, na huyu mama amekimbia kwao ili anione, tumepishana njiani kama mabasi mawili. Sasa yeye yuko mlangoni kwangu, na aliyeko ndani ni Mkaguzi.

Nikamuaga mwalimu, sikumbuki kwa maneno gani. Nikachukua kitochi nikapiga nyumbani.

Akapokea binti yangu. Huyu ni muuguzi, sote twamwita Nesi, hata mimi, maana huwezi kupiga chafya mbele yake ukaachwa. Hakunisalimia. Akaniuliza niko wapi na dawa yangu ya presha nimemeza. Nikamwambia nimemeza. Akashusha sauti. Akasema baba, kuna mama hapa, ameingia na mkoba, amekaa kwenye kiti chako. Tumemwambia hapo huwa hapakaliwi na mtu. Akasema anajua, ndiyo maana amekaa, anamsubiri mwenyewe.

Kiti hicho nilikitengeneza kwa mikono yangu. Hata Mkaguzi hajawahi kukikalia.

Nikasikia simu inanyang'anywa. Sauti ya mwanangu ikaja, ile ya ofisini, iliyopigwa pasi. Akaniuliza laptopu ninayo. Nikasema ninayo. Akasema basi iwashe, tumalize jambo hili mbele ya mgeni, kila mtu asikie.

Nikamwambia imewaka siku nyingi, wewe ndiye uliyekuwa gizani.

Ikalia. Nikabonyeza.

Nikaiona sebule yangu. Nilijiona kama mgeni dirishani. Saa yangu ya ukutani, mapazia yangu, Nesi amesimama na mikono kifuani, Mkaguzi ameshika laptopu yake anaizungusha ili nione wote. Na katikati, kwenye kiti changu, Bi Miwani, mkoba magotini, kilemba kimekaa upande kwa safari. Amevaa viatu vya kutembelea mbali. Aliponiona akaikamata kamba ya miwani akaanza kuikunja kidoleni.

Mkaguzi akaanza. Alisema kwa heshima, kuheshimu anajua. Alisema hakuna aliyenikatalia furaha. Alisema mama yao bado yumo ndani ya nyumba hii, vikombe ni vyake, mapazia alishona yeye, na wao watoto hawajamaliza kumlilia. Alisema watu watasema nini. Alisema amelazimika kusema yale aliyoyasema kwa mwalimu ili kunikinga.

Sitamficha mtu, ile ya mapazia ilinigusa. Marehemu mke wangu alishona mapazia yale nikiwa nimemshikia kitambaa. Mwanangu hakuwa anadanganya hapo.

Lakini kunifanya mwendawazimu? Hapo nikamjibu, na nililomjibu silirudishi.

"Mimi nimekusomesha kwa misumari na sponji. Nilipompenda mama yako sikukuuliza, hukuwepo. Leo upo, na bado sikuulizi. Umwambie mtu babako ni mzee, sawa. Umwambie ni mkaidi, sawa. Umemwambia sina akili, na akili hizo ndizo zimekulea. Mimi naoa. Atakayekuja harusini aje na nguo safi, asiyekuja abaki na vikombe."

Nesi akaweka mkono mdomoni. Nilidhani analia. Baadaye nilijua alikuwa anazuia kucheka.

Mkaguzi akataka kujibu. Bi Miwani akainua kidole chake kimoja, kama anayemzuia dereva, na mwanangu, yule yule anayetetemesha maofisi, akanyamaza.

"Fundi," akasema.

"Naam, mama."

"Mimi nimetoka kwetu nimefika kwako. Wewe umetoka kwako uko hotelini. Kati yetu mmoja hana akili, na watu hawa wanasema ni wewe, naanza kuona ni mimi."

Nilicheka. Yeye alicheka kidogo. Kisha akaacha.

Akaivua miwani, akaiweka juu ya mkono wa kiti. Huyu mama akivua miwani hakuoni, anakusikiliza tu.

"Nimefika hapa nikaambiwa na mwanao, kwa upole kabisa, kwamba nyumba hii haina nafasi yangu. Sikumjibu, nyumba si yake. Nakuuliza wewe mwenye nyumba, mbele ya wanao wote. Nafasi ipo au haipo? Ukisema ipo nitafungua mkoba. Ukisema haipo nitarudi na basi la jioni, na sitakuja tena, wala usinipigie."

Swali ni hilo. Mtu mwenye busara angejibu neno moja. Ipo. Herufi tatu.

Lakini mimi ni mzee wa maneno, nyote mnanijua, tangu wiki ya kwanza mnaniambia nifupishe. Nilitaka limkae moyoni. Nilitaka na Mkaguzi alisikie mpaka kisogoni. Nikajinyoosha, nikaishika meza kwa mikono miwili, nikasema:

"Hakuna nafasi ndani ya nyumba hiyo, kuanzia mlangoni mpaka jikoni, ambayo si yako."

Nikangoja uso wake.

Uso haukubadilika. Kamba imekunjwa kidoleni, haisogei. Mkaguzi mdomo wazi, haufungi. Hata mshale wa saa ya ukutani umeganda. Nikamwita. Nikaita mara ya pili. Kisha picha yote ikatoweka, kikaja kile kijisanduku.

Ingiza neno la siri.

Nikaingiza. Karibuwageni, doa kwa doa, bila kukosea hata moja. Si sahihi.

Zamu. Zamu imebadilika.

Nikachukua kitochi nikapiga nyumbani. Inaita, haipokelewi. Nikaikwapua laptopu, nikashuka ngazi na soksi, viatu nimeviacha chini ya meza.

Yule binti hakuwepo. Pale kaunta alikaa kaka mmoja mnene, anabandika vibandiko kwenye funguo. Nikamwambia mwanangu, haraka, nipe neno jipya la waifai, kuna mtu ananingoja.

Hakuinua macho.

"Subiri kidogo."

Mimi ni mtu niliyelelewa. Mtu akiwa na kazi mkononi akikuambia subiri, unasubiri. Nikasimama. Yeye akabandika kibandiko. Mimi nimesimama. Akabandika kingine. Moyo unapiga kama cherehani, soksi zinashika ubaridi wa sakafu, basi la jioni linapasha injini huko kwetu. Nimesimama. Akafungua droo, akaifunga.

Ndipo akanitazama.

"Mzee, mbona bado umesimama?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Neno."

"Si nimekupa? Subirikidogo. Yote pamoja. Meneja ndiye anayachagua, anapenda utani."

Wajukuu zangu, sikumpiga. Andikeni hilo mahali, mje mlisome siku ya mazishi yangu. Nililaza laptopu juu ya zile funguo zake zote na vibandiko vyake, nikaandika palepale.

Vijisahani vikajaa. Ikalia huko, ikalia, ikalia, nikaanza kuomba. Ikapokelewa.

Sebule ikarudi. Nesi alikuwa karibu kabisa na kioo, uso wake umejaa laptopu nzima, na hakuwa anazuia kucheka tena.

"Baba," akasema, "kwa nini ulimjibu vile?"

Nikamwambia nilimjibu vipi, nilimwambia kila kona ni yake.

"Sisi tumesikia maneno mawili tu. Umesema hakuna nafasi. Halafu ukakata."

Akasogea pembeni, nikaona.

Kiti changu kitupu. Mkoba hakuna. Mlango wa mbele uko wazi, pazia linapepea. Na juu ya mkono wa kiti, pale pale alipoiweka, miwani, kamba yake inaning'inia.

Huyu mama bila miwani haoni ngazi, haoni gari, haoni mtu aliyesimama mbele yake. Ametoka hivyo hivyo, kwenye mji ambao si wake, kwa sababu ya nusu ya sentensi yangu.

Nesi hakungoja niseme. Aliinyakua ile miwani, akatoka nayo mbio, ndala zinapiga barazani.

Akabaki Mkaguzi, kasimama katikati ya sebule. Nikamwambia mwanangu, wewe una gari, toka, mkimbilie, mwambie neno halikufika lote. Yale mengine nitakusamehe. Hili nenda.

Aliutazama mlango. Akanitazama mimi, kwa muda. Kisha akavuta suruali yake magotini, kama anavyofanya siku zote asije akaharibu mikunjo ya pasi, akakaa kwenye kiti changu.

Yule kaka wa mapokezi akaacha vibandiko vyake.

"Inuka hapo," nikamwambia mwanangu.

Hakuinuka.